Mfarishi na Bandi ya Ukingo

Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye matabaka matatu. La juu ni uso, ambao aghalabu huungwa kwa vipande vingi vya nguo za rangi mbalimbali. La kati ni pamba iliyotandazwa sawasawa ili ilete joto. La chini ni bitana. Matabaka hayo hushonwa pamoja kwa mishono ipitayo toka uso hata bitana, na kazi hiyo ndiyo iitwayo kudarizi. Katika nchi yetu wako wengi wasio na haja ya nguo nzito namna hii, ingawa mtu aliyepata kulala Limuru au Molo mwezi wa Julai hatacheka akisikia habari zake.

Matabaka matatu yasiyoshikana ni kitu kigumu kukitawala. Uso huteleza huku, pamba hukusanyika kule, na bitana hujikunja chini mahali ambapo jicho halifiki. Fundi yeyote wa koti ajua dawa yake: kabla ya kushona mshono wa kudumu, hupiga bandi, yaani hupitisha mishono mirefu iliyolegea ya kuishikiza nguo kwa muda. Kazi ikiisha, bandi hufumuliwa na uzi wake hutupwa. Wapita njia husifu koti, wala hakuna asifuye bandi.

Historia ya mfarishi yaweza kusimuliwa kwa njia nyingi. Hapa nitaifuata kwa swali moja dogo: ni kitu gani kilichoyashika matabaka hayo mahali pake wakati mshonaji alipokuwa kazini? Kila zama ilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilipobadilika yalibadilika pia mambo makubwa zaidi, kama vile nani aliyefanya kazi, alifanya pamoja na nani, na fedha zilikwenda mfukoni mwa nani.

Kudarizi ni ufundi wa kale sana. Katika Makumbusho ya Uingereza mjini London kuna sanamu ndogo ya pembe iliyochimbuliwa Abydos huko Misri, ya mfalme mmojawapo wa mwanzo kabisa wa nchi ile, naye amevaa joho ambalo michoro yake yafanana na mishono ya kudarizi. Umri wa sanamu hiyo wakaribia miaka 5000. Katika makaburi ya Noin-Ula, nchini Mongolia, lilipatikana zulia lililodariziwa lenye miaka kama 2000. Kisiwa cha Sicily kilitoa mifarishi ya karne ya 14 iliyoonyesha visa vya shujaa Tristan, na sehemu zake zimehifadhiwa London na Florence. Wala ufundi huu haukuwa wa kitandani tu. Askari wa Ulaya walivaa makoti yaliyodariziwa chini ya deraya zao. Waazteki wa Mexico walijikinga na mishale kwa fulana nene za pamba, na Wahispania waliofika huko mwaka 1519 wakaziona kuwa ni bora kuliko chuma katika joto lile. Nao wapanda farasi wa Bornu na Sokoto, katika Afrika ya Magharibi, waliwavika farasi wao nguo za vita zilizojazwa na kudariziwa. Haya nayataja upesi, maana nchi ambayo mfarishi uliingia katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, ni Marekani, na huko ndiko swali letu lilikojibiwa kwa namna tatu au nne zilizo tofauti.

Jibu la kwanza lilikuwa kiunzi. Walowezi kutoka Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya walikwenda nacho, au walikwenda na ujuzi wa kukitengeneza, kwa sababu si kitu kigumu. Chukua boriti mbili nyembamba na ndefu, na mbili fupi za kuzitenga. Zifunge pembeni, kisha uziweke juu ya migongo ya viti vinne. Bitana ilishonewa katika boriti mbili ndefu, pamba ikatandazwa juu yake, na uso ukatandazwa juu ya pamba. Zote zikavutwa hata zikakaza kama ngozi ya ngoma. Washonaji walikaa pande mbili, wakashona kutoka ukingoni kuelekea ndani mpaka mkono usipoweza kufika. Hapo boriti iligeuzwa, sehemu iliyokwisha ikazungushwa, na sehemu mpya ikajitokeza.

Angalia jambo moja hapa. Mtu adariziye mfarishi mapajani hana budi kupiga bandi katika mfarishi mzima, juu na chini, kushoto na kulia, kama wavu, tena huanzia katikati ili mikunjo isukumwe nje. Lakini mtu mwenye kiunzi hana haja ya wavu huo. Mkazo wa kiunzi ndio bandi yake. Kinachobaki ni ukingo tu, ambao lazima ushikizwe vizuri, kwa kuwa ukingo ukienda upande mfarishi wote huenda upande.

Kiunzi kilikuwa na tabia nyingine: kilipenda watu wengi. Mtu mmoja aliweza kukitumia, lakini kwa majuma mengi. Wanawake wanane au kumi wangeweza kumaliza mfarishi kwa siku moja au mbili. Basi majirani walialikana. Mwenye nyumba alipika, wageni walileta subana na sindano zao, na wasichana walipewa kazi ya kutunga uzi hadi macho na vidole vyao vilipoaminika. Yafanana na desturi zetu za kusaidiana kulima au kujenga. Tusidhani, hata hivyo, kwamba mikutano hiyo ilikuwa ya raha kila mahali. Katika mashamba makubwa ya kusini, ambako mamilioni ya watu wenye asili ya Afrika walikuwa watumwa, wanawake walishona mchana kwa ajili ya nyumba ya bwana, kisha usiku walijishonea wenyewe kwa viraka na makombo ya nguo.

Hapa historia yao yagusa pwani yetu. Pamba waliyoichuma watumwa wale ilipelekwa kaskazini, katika viwanda vya Massachusetts, ikafumwa kuwa kitambaa kigumu, cheupe kisichotiwa rangi. Wafanyabiashara wa bandari ya Salem walikileta Zanzibar. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, alianza kazi Unguja. Nguo ile ilipata jina la mahali ilikotoka, ikaitwa merikani, na misafara ikaichukua bara hata maziwa makuu, ikawa kama fedha: kwa merikani pembe za ndovu zilinunuliwa, chakula cha njiani kililipwa, na ushuru wa machifu ulitolewa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 hadi 1865, pamba ya kusini ilizuiwa, na merikani ikaadimika Unguja. Nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Kwa hiyo mpagazi aliyetembea na mzigo wake kutoka Bagamoyo alibeba begani kazi ya mikono ya mtumwa wa ng'ambo ya pili ya bahari, naye hakujua, wala yule hakujua.

Miongoni mwa waliozaliwa utumwani wakati huo alikuwa Harriet Powers, wa Georgia, aliyezaliwa mwaka 1837. Baada ya vita aliwekwa huru, akaishi na mumewe karibu na mji wa Athens. Alishona mfarishi wenye picha za visa vya Biblia, watu na wanyama waliokatwa katika nguo na kubandikwa kwa mshono, na mwaka 1886 mfarishi huo ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini humo. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliuona akataka kuununua. Powers alikataa. Baada ya miaka kama minne au mitano dhiki ilimbana, akautoa kwa dola 10. Mnunuzi akasema ana dola 5 tu, na kwa shauri la mumewe akakubali. Baadaye alikwenda mara kadhaa nyumbani kwa mnunuzi ili autazame tena. Leo mfarishi huo umo katika makumbusho ya taifa huko Washington, na mwingine wake umo Boston. Mtu akiuchunguza ataona jambo ambalo lahusu habari yetu: mishono mingine ni ya mkono, na mingine ni ya cherehani.

Maana cherehani ilikuwa imekwisha kufika. Elias Howe alipata hataza yake mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Siri ya mashine hizo ilikuwa tundu la sindano lililowekwa karibu na ncha, si katika kichwa kama sindano ya mkono, pamoja na uzi wa pili kutoka chini uliokutana na ule wa juu na kufungana nao ndani ya nguo. Bei ilizidi dola 100, fedha nyingi mno kwa mkulima. Lakini mwaka 1856 kampuni ya Singer ilianza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, na cherehani zikaenea. Wanawake waliziweka sebuleni kama vyombo vya fahari. Wengine walishona kingo za mifarishi yao kwa cherehani makusudi, ili kila mgeni aone kwamba wanayo!

Hata hivyo cherehani ya kawaida haikuweza kushika nafasi ya kiunzi, na sababu yake yapaswa kueleweka vizuri. Katika cherehani hiyo sindano husimama mahali pamoja, na nguo ndiyo iendayo. Kati ya sindano na nguzo ya mashine nafasi ni ndogo, ya inchi chache tu. Mfarishi wa kitanda kikubwa hauna budi kukunjwa na kusukumwa katika kipenyo hicho kama gunia katika tundu la panya, na kila usukumwapo matabaka huteleza. Basi bandi ya mfarishi mzima ikarudi, tena kwa ukali zaidi kuliko zamani. Ndiyo maana kwa miaka mingi baadaye wanawake waliunga vipande vya uso kwa cherehani, lakini walipofika kwenye kudarizi walirudi kwenye kiunzi na majirani.

Mahali palipohifadhi desturi hiyo kuliko pengi ni Gee's Bend, katika jimbo la Alabama. Ni ardhi iliyozungukwa na mto Alabama pande tatu. Joseph Gee alianzisha shamba hapo mwaka 1816; mwaka 1845 likawa mali ya Mark Pettway, aliyeleta watumwa wapatao 100 kutoka North Carolina, nao walikuja kwa miguu. Hata leo watu wengi wa huko huitwa Pettway. Baada ya utumwa kukomeshwa walibaki kulima kwa kugawana mavuno na wenye ardhi, na deni lao halikuisha. Mwaka 1932 warithi wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwadai walikuja wakachukua mifugo, majembe, mbegu na hata chakula, wakawaacha kuukabili msimu wa baridi mikono mitupu. Wanawake wa huko walidarizi mifarishi ya surupwenye zilizochakaa na magunia, si kwa kutafuta uzuri kwanza, bali kwa sababu upepo uliingia katika kuta za mbao. Uzuri ulikuja vilevile. Viunzi vyao walivitundika darini kwa kamba, wakavishusha wakati wa kazi na kuvipandisha tena watoto walipotaka kulala.

Mwaka 1962 watu wa Gee's Bend walianza kuvuka mto kwenda Camden, mji mkuu wa wilaya, kutaka haki ya kupiga kura. Punde kivuko kikaondolewa. Ng'ambo ilionekana kwa macho, lakini kufika huko sasa kulihitaji mwendo mrefu wa barabara kuuzunguka mto, na kivuko hakikurudi hata mwaka 2006. Katika hali hiyo kasisi Francis X. Walter alikutana na mifarishi ikianikwa kwenye kamba. Mwaka 1966 ilianzishwa jumuiya ya ushirika iliyoitwa Freedom Quilting Bee, mifarishi ikauzwa New York, na wanawake ambao hawakupata kushika fedha zao wenyewe wakaanza kuzishika.

Biashara ilileta masharti. Duka kubwa liagizapo mifarishi hamsini lataka yote iwe sawasawa: vipimo sawa, kona sawa, mishono sawa. Mwanamke aliyezoea kuufuata mkono wake mwenyewe, akaacha mstari upinde ulipotaka kupinda, sasa alishikiwa kipimo. Wengine walijifunza, wengine walitoka. Sioni kwamba waliotoka walikosa, wala waliobaki. Mmoja alikuwa na jicho la kulinda, mwingine alikuwa na watoto wa kusomesha. Ushirika ule ulifungwa mwaka 2012. Lakini ilipofika mwaka 2002, mifarishi ya zamani, ile iliyopinda, ilikuwa imekwisha kutundikwa katika makumbusho ya Houston, na baadaye New York, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikaichapisha katika stempu.

Wakati huohuo washonaji wa Marekani walikuwa na ugomvi mwingine. Je, mfarishi uliodariziwa kwa cherehani ni mfarishi kweli? Kwa wengi jibu lilikuwa hapana. Mwaka 1989, katika maonyesho makubwa ya mji wa Paducah, Kentucky, tuzo ya kwanza ilitolewa kwa Caryl Bryer Fallert kwa mfarishi wake wa kupatwa kwa jua, nao ulikuwa umedariziwa kwa cherehani. Haijapata kutokea hivyo kabla, na manung'uniko yalikuwa mengi. Walionung'unika wastahili kusikilizwa, maana mshono wa mkono wadai saa nyingi za uhai wa mtu, na mtu huchukia kuona saa zake zikishushwa thamani. Lakini hoja yao ilikuwa na ufa: kina mama wa karne ya 19 waliowaheshimu walitumia cherehani mara tu walipoipata.

Katika miaka ya 1980 ilianza kuuzwa kwa wingi mashine iliyounganisha kiunzi na cherehani kuwa kitu kimoja. Ni cherehani ya mkono mrefu. Katika mashine hii mfarishi hutulia juu ya kiunzi chenye urefu wa futi 10 hadi 14, na cherehani ndiyo iendayo, ikibebwa na magurudumu juu ya reli, mshonaji akiishika kwa vishikio viwili kama mtu aendeshaye baiskeli. Mkono wake hufika inchi 18, 24 au hata 30, kwa sababu lazima upite juu ya sehemu iliyokwisha kuzungushwa katika rola. Mfarishi wa inchi 90, ikiwa nafasi ya kufanyia kazi ni inchi 18, utasogezwa mbele mara nne.

Na swali letu la zamani? Kama ilivyokuwa katika kiunzi cha mbao, mkazo wa rola ndio unaoyashika matabaka katikati, na bandi yabaki ukingoni. Lakini sasa fundi si wanawake kumi wanaoutazama ukingo kwa macho ishirini. Ni mtu mmoja na chombo chenye mwendo wa kasi. Mguu wa cherehani, uruka-rukapo, ukikuta ukingo uliolegea utaunasa na kuukunja, na mkunjo huo utashonwa kabla mtu hajaweza kusimama.

Kwa hiyo fundi mwangalifu huanza hivi. Bitana huikata kubwa kuliko uso, inchi 4 hivi kila upande, akaifunga katika rola na kuivuta kwa vibanio vya pembeni. Hutandaza pamba. Kisha huifunga mashine isiweze kwenda ila upande mmoja, akashona katika bitana na pamba mstari ulionyoka kama rula, naye huuweka ukingo wa juu wa uso sawasawa na mstari huo. Hapo hupiga bandi: mishono mirefu, chini kidogo ya robo inchi kutoka ukingoni, toka kona hadi kona. Hashuki moja kwa moja hadi chini. Hupiga bandi ubavu wa kushoto na wa kulia kwa urefu wa sehemu iliyo wazi tu, ndipo hudarizi katikati. Sababu yake ni kwamba kila mshono wa kudarizi huivuta nguo ndani kidogo. Akianza na katikati, ukingo utavutwa na kuwa mawimbi, na mfarishi uliokuwa mraba utakuwa na kiuno. Kisha huzungusha rola, hupima upana kama ni uleule wa mwanzo, hupiga bandi tena mbavuni, hudarizi, na kuendelea hivyo hata ukingo wa chini, ambao nao hushikizwa kabla ya safu ya mwisho ya kudarizi.

Wakati mwingine ukingo huletwa mrefu kupita kiasi, kwa sababu aliyeunga uso alikata mpaka wa nje bila kupima katikati ya mfarishi. Hapo bandi ndiyo yenye kuamua. Fundi hugawa urefu uliozidi kwa pini, kidogo hapa na kidogo pale, huupigia bandi polepole, na pamba hulimeza lile la ziada. Si dawa ya kila ugonjwa. Uliozidi sana lazima ufumuliwe.

Bandi hii ina tofauti moja na ile ya fundi wa koti: haifumuliwi. Mfarishi utokapo katika mashine hukatwa kingo, kisha huzungushiwa utepe uliokunjwa mara mbili, na utepe huo huifunika bandi pande zote nne.

Wengi wenye mashine hizi, ambao bei yake ni kubwa, hudarizi mifarishi ya watu wengine kwa ujira, wakihesabu malipo kwa inchi za mraba. Mwenye kuunga uso hubaki kwake, mwenye mashine hubaki kwake, na mara nyingine hawaonani ila kwa barua na mzigo wa posta. Ndiyo sababu katika maonyesho ya Marekani siku hizi, chini ya mfarishi mmoja, huandikwa majina mawili: la aliyeuunga na la aliyeudarizi.